Sentimita Kumi na Mbili za Udongo

Jumatatu, 2 Oktoba. Bakoba, Bukoba

Dkt. Lilian Kahangwa anataka kila mwanafunzi wake awe na madaftari mawili: moja la kazi, ambalo yeye atalisoma, na moja la kwako mwenyewe, ambalo hatalisoma, ili usije ukamwaga machozi kwenye la kwanza. Basi hili ndilo la machozi. Kwa sasa sina hata tone. Nina furaha ya kipumbavu, natembea huku nacheka peke yangu.

Niandike vizuri. Mimi ni Ephrasia, nimeanza shahada ya uzamili ya sayansi ya bahari. Mada yetu ni hali ya hewa ya bahari za kale. Nilipopata barua ya kukubaliwa kijiji kizima cha Maruku kilijua naenda kukaa pwani, na mimi sikuwakatalia. Sasa msimu wangu wa kwanza wa kazi nimerudishwa nyumbani. Mama alicheka mpaka akaketi.

"Yaani tumekutuma ukasome bahari, wao wamekurudisha Enyanja?"

Enyanja ni ziwa letu, Victoria la kwenye vitabu. Nikamweleza kwamba mvua hizi za vuli zinatoka Bahari ya Hindi. Bahari ikipata joto sisi tunanyeshewa, ikipoa tunakauka, na tope la chini ya ziwa limehifadhi habari hizo tabaka juu ya tabaka kwa maelfu ya miaka. Wenzetu Zanzibar wanachimba tope la baharini, sisi la ziwani, kisha matope mawili yatasomwa kwa pamoja. Mama akasema, "Sawa, dokta wa matope." Wifi yangu Kokugonza, mke wa kaka, mwenye mimba ya miezi sita, akasema angalau nisirudi na viatu vichafu.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mvua. Injini imegoma. Hatukutoka.

Jumamosi, 7 Oktoba. Kisiwa cha Bumbire

Nahodha wetu ni mzee Haruni, ambaye watu wote wanamwita Baba Shadya kwa jina la binti yake wa kwanza. Baba yake alikuja Bukoba kutoka Tanga, mama yake ni Mhaya wa hapa hapa, na Kihaya chake kinanishinda mimi niliyezaliwa mgombani. Amebeba watafiti kwa miaka kumi na minane. Simpendi sana. Anafanya kila kitu polepole, anaosha mabomba mara mbili hata yakiwa safi, na jana aliniangalia ninavyofunga kamba akasema, "Mwanangu, hicho ni kifundo cha kamba ya viatu," kisha akakifungua bila kuniuliza. Dkt. Kahangwa alikuwa anatazama.

Jumanne, 10 Oktoba. Bumbire

Siku kubwa.

Tulikwenda mbali na kisiwa mpaka kikawa mstari tu. Kazi yenyewe ukiielezea haina maajabu: bomba la plastiki linazamishwa kwa chuma kizito mpaka lichome tope la chini, linavutwa, linafunikwa pande zote mbili, linafuatiwa na lingine kutoka shimo lile lile, chini zaidi. Mawili ya kwanza tulikuwa nayo tangu jana, na yameshapelekwa Bukoba. Leo tulikuwa tunatafuta la tatu. Mvua ilianza saa mbili asubuhi na haikukoma. Haruni ana jiko lake dogo la mkaa la kuchemshia chai mashuani, lakini leo lilibaki limefunikwa turubai kutwa nzima. Hatukupata hata chai ya kuosha koo.

Saa nane Haruni, aliyekuwa ameshika kamba kwa mkono mtupu, akasema, "Hapa tope limekwisha. Kitu kigumu hiki." Alijua kabla ya chombo cha Dkt. Kahangwa. Tulipolivuta bomba, kwenye ncha ya chini kulikuwa na udongo wa kijivu, mkavu, mgumu, wenye vijizizi vyembamba kama nywele. Mizizi ya majani. Chini ya ziwa!

Dkt. Kahangwa, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akitabasamu bila sababu ya maandishi, alipiga kelele. Akatueleza palepale tukiwa tumelowa. Miaka kama elfu kumi na tano iliyopita, bahari ilipokuwa baridi na mvua zikakatika, ziwa hili lote lilikauka. Udongo huu ndio uliokuwa uso wa nchi siku hizo.

Haruni akauliza, "Kwa hiyo hapa mtu angetembea kwa miguu mpaka Uganda?"

"Angetembea, Baba Shadya."

Akachungulia maji kwa muda mrefu. Nami nilikuwa na urefu wa kuandika kwenye daftari la kazi. Bomba la tatu: sentimita mia na arobaini na mbili. Za chini kumi na nne ni udongo mgumu. Mwandiko wangu, saini yangu.

Jumatano, 11 Oktoba. Muleba

Dkt. Kahangwa amepanda gari kwenda Mwanza kwenye mkutano. Mimi nimepewa bomba la tatu na gari la kukodi. Maneno yake: "Moja kwa moja chumba cha baridi Bakoba. Usisimame hata kununua ndizi."

Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 12 Oktoba. Maruku

Nimefanya jambo baya, na naliandika lote kabla sijaanza kulipunguza kichwani.

Sikwenda moja kwa moja. Tulipofika njia panda nilimwambia dereva akate kwenda nyumbani, nusu saa tu. Nilitaka waone. Ndiyo sababu yote, sina nyingine ya kujisitiri nayo. Nilichoka kuitwa dokta wa matope na watu ambao hawajui matope yenyewe ni nini.

Mama alikuwa amepika ndizi. Kokugonza alikuwa na jirani wawili barazani wanachambua kahawa. Nikalilaza bomba juu ya mkeka kama bibi harusi, nikatoa hotuba. Bahari, mvua, miaka elfu kumi na tano. Wakasikiliza kwa adabu ile ya kumsikiliza mgeni. Basi nikafungua kifuniko cha chini waone mizizi.

Harufu ikatoka. Wallahi, kama angesema Haruni, ilikuwa harufu ya mvua ya kwanza kwenye vumbi. Kokugonza akaacha kahawa yake. Akasogea, akafumba macho. Tangu mimba ifike mwezi wa tatu anatafuna udongo, ule wa kijivu unaouzwa sokoni vipande vipande, pemba, na kliniki wamemkataza na kaka amemfichia. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, huo ni udongo wa kula kabisa."

Wote wakacheka. Nami nilicheka, na kwa sababu hatimaye kulikuwa na mtu aliyekitamani kitu changu, nikamega kipande kwa kidole changu mwenyewe na kumpa. Nilisema hivi: "Chukua. Hakuna mjamzito duniani aliyewahi kula wa zamani hivi."

Kisha nikaingia ndani kula. Nilikula sahani mbili. Nikaoga. Nikajilaza kidogo kwa sababu sikulala vizuri kisiwani, na kidogo ikawa muda wa saa mbili na nusu. Dereva naye alikuwa anakunywa rubisi, pombe ya ndizi, kwa jirani, hakuona haraka yoyote.

Nilipotoka bomba lilikuwa palepale na kifuniko kimerudishwa kwa heshima. Nilipoliinua likawa jepesi upande mmoja. Nikapima. Sentimita mia na thelathini. Zile kumi na mbili walikuwa wamegawana wanawake watatu, na Mama naye alikuwa ameonja. Walidhani nimewapa. Na kwa nini wasidhani? Nilimega mwenyewe.

Nilimpigia kelele Kokugonza. Nilimwita mlafi mbele ya majirani. Nikamwambia amekula masomo yangu. Akaanza kulia, akauliza kama udongo una sumu, kama mtoto atadhurika, na mimi nikaacha swali lake likae bila jibu kwa sababu nilitaka aogope kama nilivyokuwa naogopa mimi. Baadaye sana, nikiwa nimeshaingia kwenye gari, ndipo nikamwambia hauna sumu.

Naona aibu. Bado sijui kwa lipi zaidi.

Ijumaa, 13 Oktoba. Bakoba

Nimeamka nikiwa na mpango wa kumpigia simu Dkt. Kahangwa. Nikakumbuka habari ya mwanafunzi wa mwaka juzi aliyeacha friji wazi, ambaye jina lake halitajwi tena. Nikakumbuka ufadhili. Nikakumbuka "usisimame hata kununua ndizi."

Nikaenda sokoni kununua pemba.

Yule mama muuzaji aliniangalia tumbo. "Chukua huu, binti. Wetu tunaubanika kwenye moshi, hauna wadudu." Nikaushukuru moshi wake. Nikauloweka, nikaukanda, nikachanganya vijizizi vya majani ya uani, nikaushindilia ndani ya bomba kwa mpini wa mwiko. Ulikaa vizuri. Rangi karibu ile ile. Sentimita mia na arobaini na mbili.

Nimeosha mwiko mara tatu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mvua. Nimepanga lebo.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mvua. Haruni amekuja kuuliza kama bomba la tatu lilifika salama. Nikamjibu ndiyo. Akasema alhamdulillahi, kana kwamba ni mgonjwa wake.

Alhamisi, 26 Oktoba

Dkt. Kahangwa amerudi na akaanza na bomba la tatu, bila shaka, kwa nini asianze na lile. Alipasua bomba kwa urefu, akachota chembe kila baada ya sentimita mbili, akainamia hadubini. Nilisimama nyuma yake nikihesabu misumari ya dari.

Juu alikuta alichotarajia. Alipofika chini akarekebisha lenzi mara mbili. Kisha akaniita nichungulie. Vipande vidogo vyeusi, vyenye kingo kali, vingi.

"Unaona nini, Ephrasia?"

Niliona jiko la mama wa sokoni. Nikasema, "Sijui."

"Mkaa! Moto! Ziwa limekauka, majani yamekauka, nchi inaungua. Hakuna aliyewahi kuupata moto huu humu." Akanikumbatia. Ananukia sabuni ya kufulia. Akasema tuliotoka huku Kagera tunajua kutulia na kazi, na kwamba yeye hakukosea kunichagua.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema, na nilijua. Nikasema, "Asante, Daktari."

Ijumaa, 3 Novemba

Senene wameanza kuanguka, mji mzima unawakimbiza kwa ndoo. Dkt. Kahangwa amewaandikia Zanzibar kuhusu moto wetu. Wamejibu kwa furaha. Watatafuta majivu yake kwenye tope la baharini. Watu wazima, wasomi, wataacha kazi zao kutafuta moshi wa muuza pemba.

Siwezi kula senene. Mimi!

Alhamisi, 9 Novemba

Mvua.

Jumanne, 14 Novemba. Bumbire

Shimo la pili, hatua chache kutoka la kwanza, ili kuthibitisha moto. Haruni amelenga mahali pale pale kwa kutazama mlima na mti, bila simu wala chombo, na tumepata udongo uleule mgumu. Nimeanza kuelewa kwamba polepole yake haitokani na uzee, anakataa tu kukosea. Ameosha bomba mara mbili. Safari hii nilimsaidia.

Wakati wa kurudi aliniuliza kama Kokugonza hajambo. Alisikia ana mimba kubwa. Mkewe Mwajuma amemtumia majani fulani ya chai. Nikapokea.

Jumatano, 15 Novemba. Bakoba

Shimo la pili halina mkaa. Hata chembe.

Alhamisi, 16 Novemba. Mwaloni

Naandika haya nikijua kwamba nitayasoma nikiwa mzee.

Dkt. Kahangwa hakulala. Alipima upya kila kitu, na asubuhi akawa ameshapata jibu: bomba la tatu lilichafuka, na mashuani kuna chanzo kimoja tu cha mkaa. Tukashuka mwaloni. Samaki walikuwa ndiyo wanatolewa, watu wamejaa, akina mama wa dagaa, wachuuzi, waendesha mitumbwi. Hakumwita pembeni. Nadhani hasira na haya yake vilikuwa vimemziba masikio; alikuwa ameshawaandikia wenzake.

"Baba Shadya, siku ile ya bomba la tatu uliwasha jiko?"

"Sikuwasha, Daktari. Ilinyesha."

"Mkaa umeingia kwenye bomba langu. Haukujileta."

"Sikuwasha. Muulize huyu mwanangu, alikuwepo."

Wote wakageuka kunitazama. Haruni alinitazama bila wasiwasi wowote, kama mtu anayesubiri ahesabiwe chenji yake.

"Ephrasia, siku ile jiko liliwashwa?"

Nikasema, "Sikumbuki."

Neno moja. Niliona linavyomfika. Hakubadilika uso, alifunga tu mdomo. Dkt. Kahangwa akamwambia kwamba miaka kumi na minane ni mingi, labda amezoea kupita kiasi, na kwamba tutatafuta mashua nyingine. Mwanamke mmoja wa dagaa akasema kwa Kihaya, kwa sauti, kwamba kumbe mzee amechoma ziwa. Kicheko. Haruni akalishusha jiko lake mashuani, akalibeba mwenyewe kupita katikati ya watu wote.

Nimerudi na kufungua daftari hili ukurasa wa tarehe kumi Oktoba. "Hatukupata hata chai ya kuosha koo." Mwandiko wangu.

Jumamosi, 18 Novemba

Wanamwita Bwana Mkaa. Nimewasikia kwa masikio yangu pale stendi.

Jumatano, 22 Novemba

Kundi jingine la watafiti, wa samaki, lilikuwa limemchukua kwa mwezi wa Desemba. Limemwacha. Dkt. Kahangwa hakusema neno kwao. Mwalo ndio uliosema.

Nilikutana na Mwajuma dukani. Alinisalimia kama kawaida, akauliza wifi anaendeleaje, akaniuliza kama yale majani yalisaidia. Majani bado yako kwenye begi langu. Nilimdanganya kwamba yalisaidia sana. Sasa ninadanganya hata kwa mambo yasiyo na faida.

Jumamosi, 25 Novemba. Maruku

Nimekwenda nyumbani. Mwezi wa pili sasa sijamwomba radhi Kokugonza, na yeye ndiye aliyeniletea maji ya kuoga. Nikampa majani ya Mwajuma, nikamweleza yote, mpaka lile neno la mwaloni.

Alisikiliza huku akijisugua mgongo. Kisha akasema, "Sema ni mimi. Sema wifi yako mjinga alifungua, akala, akajaza. Mimi sina chuo cha kufukuzwa."

Naandika hili kwa sababu ndilo baya kuliko yote: nilikuwa napima kama itafaa. Kama anaweza kujua kuhusu kujaza, kama Dkt. Kahangwa ataamini. Kokugonza aliona ninavyopima. Akainuka kwa shida, mkono kiunoni, akasema, "Basi kumbe ungekubali," na akaenda jikoni.

Nilimfuata. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, nikamwomba radhi kwa lile neno mlafi na kwa kumwacha aogope. Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa, alisema tu, "Na yule mzee wa watu?"

Jumanne, 28 Novemba. Bakoba

Nimemwambia Dkt. Kahangwa.

Nilikuwa nimeandika karatasi ya kusoma. Ilianza hivi: "Sampuli ya bomba la tatu ilipata hitilafu wakati wa usafirishaji." Niliusoma mstari huo, akaniuliza, "Hitilafu ipi?" nikashindwa kuendelea na karatasi. Nikaanza kutoka njia panda ya Maruku. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye mpini wa mwiko alivua miwani.

"Sentimita ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na kwamba Haruni hana kosa, umejua tangu lini?"

"Tangu ulipomuuliza. Ilikuwa imenyesha. Nilikumbuka vizuri."

Alitazama dirishani, mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka ilibidi apaze sauti. "Udongo ningekusamehe leo hii. Ningekutukana, ningekunyima usingizi wiki mbili, kisha tungechimba mwingine. Umeniacha nimvue mtu nguo mbele ya mwalo mzima, Ephrasia. Mtu aliyenibeba mimi nikiwa mwanafunzi kama wewe."

Sikujua hilo. Hakuwahi kunieleza, na mimi sikuwahi kuuliza.

Amesema barua ya Zanzibar nitaandika mimi, kwa jina langu, nikieleza pemba ni nini na ilifikaje humo. Habari ya ufadhili itakwenda kwenye kamati mwezi wa kwanza na yeye hatanitetea wala kunikandamiza; atawapa maelezo. Kwa Haruni ataenda mwenyewe kwa sehemu yake. "Na wewe uende kwa sehemu yako. Usinisubiri."

Jumatano, 29 Novemba

Nimeandika barua ya Zanzibar mara tano. Pemba, kwa wasomi wa kule ambako Pemba ni kisiwa. Ilibidi nieleze kwamba sisemi kisiwa.

Ijumaa, 1 Desemba

Nilisubiri watu watoke msikitini, nikaenda. Mwajuma alinifungulia, Haruni alikuwa amekaa sebuleni na kanzu yake ya Ijumaa. Nikapiga magoti mlangoni kama tulivyolelewa kusalimia wakubwa, ingawa tangu niende chuo nilikuwa nimeacha, nasingizia suruali.

Nilisema yote kwa Kiswahili, kwa utaratibu, nikamalizia kwa kuomba anisamehe.

"Inuka," alisema. "Humu ndani kila mtu anajua kupiga magoti."

Nikainuka. Mwajuma alikuwa ametoka, nikamsikia ameacha kuosha vyombo.

"Daktari alikuja jana," akasema Haruni. "Amenieleza. Anataka nirudi kazini Jumatatu. Nimemwambia nitarudi. Lakini mimi sikuchafuliwa sebuleni kwangu, mwanangu. Nilichafuliwa mwaloni."

"Nitakwenda mwaloni, Baba Shadya. Nitawaeleza."

"Kwa lugha gani?"

Sikumwelewa.

"Hicho Kiswahili chako kizuri ndicho ulichosemea 'sikumbuki.' Wale akina mama wa dagaa ukiwapa cha namna hiyo watasikia hotuba, watapiga makofi. Waambie kwa Kihaya. Kwa Kihaya unajua kusema?"

Nikasema najua.

Jumapili, 3 Desemba

Sijui. Nimejaribu mbele ya kioo. Kihaya changu ni cha jikoni na shambani, hakina "hitilafu," hakina "sampuli," hakina "usafirishaji." Nikiyaondoa hayo kinachobaki ni kifupi sana.

Jumatatu, 4 Desemba. Mwaloni

Mvua ilikuwa imekatika, kwa hiyo watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Dkt. Kahangwa alishakuwa mashuani na mabomba. Haruni alisimama majini mpaka magotini ameshika kamba, hakunitazama.

Sikujua mtu huanzaje. Nilisimama karibu na meza ya yule mwanamke wa dagaa aliyesema mzee amechoma ziwa, nikamsalimia, nikasema kwa sauti kubwa kwamba nina neno kuhusu Haruni. Mikono ikaacha kazi. Nikasema kwa Kihaya kwamba mkaa haukutoka kwenye jiko lake. Kwamba niliwapa wanawake wa kwetu udongo wa Daktari wakaula, nikanunua mwingine sokoni nikaujaza. Kwamba nilipoulizwa mbele yenu kama jiko liliwashwa nilijua halikuwashwa.

Hapo nilikwama, maana ilibidi nilitaje lile nililofanya, na neno lililokuwepo ni moja tu, lile ambalo Mama alitumia akitaka kutuchapa tulipokuwa wadogo.

"*Nkabeiha*," nikasema. Nilidanganya.

Kisha yule mwanamke wa dagaa akaniuliza kama angalau udongo wenyewe ulikuwa mtamu, na mwalo mzima ukaangua kicheko, kicheko kirefu cha watu waliopata kitu cha kusimulia mwaka mzima. Nilisimama hapo nikakipokea. Masikio yaliwaka moto. Mzee mmoja wa mitumbwi akamwita Haruni kwa jina lake, Baba Shadya, akamuuliza kama kuna nafasi ya kwenda naye mpaka Bumbire. Haruni akamwambia apande.

Nikaingia majini na buti zangu, daftari la kazi kifuani, nikashika ukingo wa mashua. Haruni akaweka mkono wake juu ya ukingo, mbele ya wangu.

"Umenisafisha," akasema kwa Kihaya, polepole, kwa upole kabisa. "Na samahani yako nimeipokea, sina kinyongo na wewe. Lakini chombo changu hutapanda."

Nilimtazama Dkt. Kahangwa. Alikuwa anapanga mabomba, akaendelea kuyapanga.

"Nimesikia, waitu," nikamjibu, kama mkubwa anavyojibiwa kwetu.

Nikaisukuma mashua pamoja na wengine mpaka injini ikashika. Nilirudi ufukweni nimelowa mpaka kiunoni, nikafungua daftari la kazi, nikaandika: wameondoka saa mbili na dakika kumi, hakuna mvua, nahodha Haruni, mwanafunzi hakwenda.